Neno la Bi Rudia

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Bi Rudia, na jina hilo lilitoka kwenye cherehani. Ukimpelekea kazi aikague, uwe mwanafunzi wa wiki mbili au fundi wa miaka kumi, alilishika shati kwa ncha za vidole kama anayeshika kifaranga, akaligeuza ndani nje, akalisogeza dirishani, halafu akakurudishia na neno moja tu: "Rudia." Hakufoka, wala hakuwahi kumtukana mtu, maana alikuwa mwanamke wa sala. Lakini neno lile, jinsi alivyolitamka polepole, liliwatoa wanafunzi machozi kuliko matusi ya mtu mwingine.

Kazi yake ilikuwa mashati ya shule. Meupe, mikono mifupi, mfuko mmoja kifuani, vifungo saba. Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, na waya uliovutwa kutoka ukuta hadi ukuta wa kutundikia yaliyokwisha. Mikasi ilining'inia kwa kimo, mkubwa hadi mdogo, kama watoto kwenye mstari wa asubuhi. Ole wako ukate karatasi kwa mkasi wa kitambaa. Karibu na mlango ilikuwa meza ya mpiga pasi, rafiki yake tangu wakiwa wasichana, mwanamke mnene mwenye kicheko, na huyo ndiye pekee aliyeweza kumjibu.

"Rudia hapa," Bi Rudia alikuwa akimwambia, akionyesha mkunjo ambao macho ya binadamu wa kawaida hayauoni.

"Rudia mwenyewe, shoga. Pasi hiyo hapo, ina moto," mpiga pasi alikuwa akijibu, na shati akalikunja hivyo hivyo.

Mtu asidhani alikuwa mbaya. Mtu akiugua mtaani, yeye ndiye wa kwanza kufika na kikapu. Ila akishafika alitandika upya kitanda, mgonjwa akiwa juu yake. Mwanawe mkubwa alipooa, walikaa naye miezi minne tu. Mkwe alikuwa akiosha vyombo, na kabla hajakausha mikono, Bi Rudia alivichukua vyombo vile vile akaviosha tena mbele yake, huku akiimba taratibu wimbo wa kumsifu Mungu. Hakukusudia kumdhalilisha mtu. Aliona vyombo havijatakata, basi. Vijana walipohama, aliwaambia majirani, "Watoto wa siku hizi usafi unawachosha," na moyoni hakuona kosa lolote upande wake.

Aliyebaki naye ni binti yake wa mwisho, waliyemwita Kitinda. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kuficha vidole ndani ya viganja. Kazi yake ilikuwa kola na vifungo, na kwa huyu Bi Rudia hakuwahi kutamka lile neno. Hakukuwa na haja. Kitinda alishona kifungo, akakitazama, akakitoa, akakishona tena. Alinawa mikono kwa sabuni kila mara kabla ya kugusa kitambaa cheupe. Akimaliza shati, alihesabu vifungo kwa kidole kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu.

"Huyu amerithi mkono wangu mtupu," Bi Rudia aliwaambia wateja waliolalamika kwamba kazi imechelewa. "Wengine mpaka uwaambie. Huyu anarudia mwenyewe."

Na katika sala zake za alfajiri alikuwa na sentensi moja asiyoisahau: Mungu, nakushukuru kwa mtoto uliyenipa, mwenye moyo kama wangu.

Asubuhi moja mpiga pasi alifika mapema kuliko kawaida. Ilikuwa siku ya mwalimu mkuu kuja kuchukua mashati sitini, na mashati hayo yalikuwa yamekwisha kupigwa pasi na kufungwa mafungu sita. Alimkuta Kitinda ameketi sakafuni katikati ya mafungu yaliyofunguliwa, wembe mkononi. Vifungo vilikuwa vimetapakaa kama punje zilizomwagika. Karibu mashati arobaini yalikuwa hayana kifungo hata kimoja, na kwenye kola ya shati lililokuwa mapajani mwake kulikuwa na doa jekundu.

"Kitinda! Umefanyaje?"

"Bado kidogo, mama mdogo. Nakaribia kumaliza."

Bi Rudia aliingia akitokea uani. Alitazama sakafu, akaokota kifungo kimoja, akakipuliza vumbi. Na hapa ndipo aliposema neno ambalo baadaye alitamani ardhi imeze kinywa kilicholisema.

"Kama amevitoa, basi vilikuwa na kasoro. Mwalimu atasubiri."

Mpiga pasi aliiweka pasi chini kwa kishindo. Kicheko chake chote kilikuwa kimemwisha. "Shoga, mtoto anatokwa damu, wewe unasifia? Hebu mtazame vidole! Ulimtazama lini vidole?"

Bi Rudia akaviona. Ngozi ilikuwa imepasuka kwa sabuni, na chini ya kucha kulikuwa na alama za wembe, nyingine mbichi, nyingine za siku nyingi. Alikuwa ameikagua kazi ya mikono ile kila siku. Mikono yenyewe hakuwa ameikagua.

Mpiga pasi ndiye aliyewapeleka hospitali, na ndiye aliyeuliza dirishani kliniki ya magonjwa ya akili iko upande gani, tena kwa sauti ya sokoni. Bi Rudia alijifunika mtandio hadi puani. Kwenye benchi alikaa ameupa mgongo mlango, akiomba asipite mtu wa mtaani. Alikuwa akimwonea aibu binti yake, na alidhani hiyo ndiyo aibu kubwa atakayoipata siku hiyo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya kubembeleza. Alimuuliza Kitinda maswali madogo madogo, na Kitinda, ambaye nyumbani hakuwa akisema maneno kumi kwa siku, alifunguka kama fundo lililokatwa.

Alisema kila anaposhona kifungo linamjia wazo: kikikaa vibaya, mtoto atakayevaa shati hilo atapatwa na ajali. Anajua ni upuuzi. Anajiambia ni upuuzi. Lakini wazo haliondoki mpaka akitoe akishone tena. Hata sala yake ilikuwa hivyo hivyo: akichanganya neno moja, anaanza mwanzo, mara saba, mara kumi na nne, mpaka magoti yanakufa ganzi.

"Tangu lini?" daktari akauliza.

"Tangu darasa la sita."

"Na wazo hilo linapokuja, linakwambiaje?"

Kitinda alitazama sakafu. "Linasema, rudia."

"Unalisikia kwa masikio? Kama mtu anaongea?"

"Hapana. Najua ni mawazo yangu mwenyewe. Neno tu ndilo…" Mpiga pasi alikohoa, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Bi Rudia akajitetea kabla hajashtakiwa. "Daktari, mimi pia napenda kazi iliyonyooka. Maisha yangu yote. Mbona mimi si mgonjwa?"

Daktari hakumcheka. "Mama, wapo watu wawili wanaofuta meza ile ile mara kumi. Ukiwachungulia dirishani, huwezi kuwatofautisha. Mmoja anafuta huku anaumia. Anajua meza ni safi, anatamani kuacha, lakini wazo limemkaba koo, linamtisha. Tena anaona aibu, anajificha. Huo ni ugonjwa, na tiba yake ipo. Wa pili anafuta huku ameridhika. Kwake yeye hakuna meza iliyowahi kuwa safi ya kutosha, na anashangaa wenzake wanaishije na uchafu. Huyo hajioni na tatizo. Ndivyo alivyojengeka tangu ujana, imekuwa hulka yake. Ikizidi mno, nayo tunaihesabu kuwa ni tatizo, ila mara nyingi wanaokuja kulia hapa ni wale wanaoishi naye."

"Na hao wawili ni ndugu?" mpiga pasi akauliza. "Maana mimi nawaona nyumba moja."

"Wanafanana kwa sura kuliko kwa roho. Wakati mwingine wanakaa nyumba moja, kweli. Wapo hata wenye vyote viwili ndani ya mwili mmoja. Lakini mmoja si mwingine, na ukiwachanganya utampongeza anayezama kwa kuogelea vizuri."

Bi Rudia aliinamisha macho, na hapo akaiona mikono yake mwenyewe juu ya meza ya daktari. Wakati wote wa mazungumzo ilikuwa ikipanga kalamu. Kalamu nne, zimenyooka, ncha upande mmoja. Hakumbuki aliianza lini kazi hiyo. Akairudisha mikono mapajani haraka, kama aliyekutwa anaiba.

"Ni mimi niliyempa?" aliuliza kwa sauti iliyokuwa karibu kupotea.

"Hapana. Hakuna mtu anayejua chanzo kimoja cha ugonjwa huu, na mzazi hampi mtoto kama anavyompa mafua. Lakini ukisifiwa, unanenepa."

Tiba, alieleza daktari, ilikuwa ni kuliacha kosa likae. Kitinda ashone shati moja, kifungo cha tatu akikalishe upande kwa makusudi, alitundike mahali pa kuonekana, asiliguse kwa siku saba. Hofu itapanda, itamtikisa, kisha itachoka yenyewe. Mwili utajifunza kwamba kifungo kimepinda na hakuna mtoto aliyekufa. "Na wote nyumbani," akaongeza, akimtazama mama, "msiliguse."

"Nishoneeni mimi hilo," mpiga pasi akasema. "Shati la kazini. Mwenyewe nimepinda, tutaelewana."

Kitinda alicheka. Bi Rudia hakumbuki alikisikia lini kicheko hicho mara ya mwisho.

Shati lilitundikwa kwenye waya Jumatatu. Kubwa, jeupe, na kifungo cha tatu kimekwenda kushoto kwa upana wa punje ya mchele. Siku ya kwanza Kitinda alitoka jasho kama mwenye homa. Siku ya pili alilia, akatoka nje, akarudi, akakaa, hakuligusa. Siku ya tatu asubuhi alikunywa chai yake yote. "Leo limenijia mara chache, mama," alisema. Akaenda dukani kununua uzi, akitembea bila kuhesabu hatua, tabia ambayo mama yake hakujua kabla kwamba alikuwa nayo.

Bi Rudia alibaki peke yake na shati lile. Mpiga pasi alikuwa uani anaanua. Bi Rudia alijaribu kukata kola. Jicho likarudi kwenye waya. Akageuza kiti. Mgongo nao ukaliona. Alijiambia ni shati la rafiki yake, atalivaa mbele za watu, na watu watauliza limeshonwa na nani. Alijiambia Mungu mwenyewe hapendi kazi ya ovyo. Dakika tano tu. Alilishusha, akakata uzi, akakirudisha kifungo kwenye mstari wake, akafunga vifundo viwili kwa nyuma kama alivyozoea, akalitundika pale pale. Kisha akashusha pumzi, na chumba chote kikampendeza.

Kitinda aliporudi, alisimama mbele ya waya akiwa na furushi la uzi kifuani. Akakitazama kifungo cha tatu.

"Mama, kuna mtu ameligusa?"

Jibu lilikuwa kinywani, limekaa tayari. Lakini Bi Rudia aliuona uso wa binti yake, na akaogopa kuwa yeye ndiye sababu ya uso ule. Akasema, "Mimi nilikuwa nakata kola."

Neno hilo lilikuwa la kweli, na lilikuwa la uongo.

Sasa hebu mfikirie Kitinda. Huyu ni mtu ambaye hata akifunga mlango kwa mkono wake haamini kama ameufunga. Akajiambia: kama si mama, basi ni mimi. Nimekishona bila kujua. Mikono yangu inafanya mambo na mimi sina habari. Na kama inashona bila mimi kujua, inaweza kufanya nini kingine? Aliviona vile vifundo viwili, akajiambia kwamba hata kufunga ameiga kwa mama yake. Siku hiyo aliacha kutumia mkasi, akaogopa. Siku iliyofuata hakutoka chumbani. Aliwekewa chakula mlangoni kikapoa.

Bi Rudia alilijua hilo, kwa siku mbili nzima. Alipiga magoti kusali, na sentensi yake ile ya kushukuru ilipofika, ulimi ukagoma. Alijaribu sala nyingine, zote zikapitia pale pale. Aligundua jambo lililomtia haya zaidi ya yote: haikuwa kwamba anaogopa kuungama kwa sababu alifanya vibaya. Aliogopa kwa sababu angelazimika kusema kwamba, wakati anakishona kifungo kile, alijisikia vizuri.

Ijumaa ilikuwa siku ya kliniki. Kitinda alikubali kwenda kwa sharti moja, kwamba iwe ya mwisho.

"Nimeshindwa, daktari," alisema hata kabla hajaketi. "Niandikie tu nimeshindwa. Nimeligusa, na sikumbuki. Naona akili inaniacha. Bora nirudi kwenye yale ya zamani. Yale angalau nilikuwa najua ninachofanya."

Daktari alianza kumuuliza taratibu, kifungo kilikuwaje, uzi ulikuwaje. Bi Rudia alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukutani, amejitanda mtandio vizuri. Aliona jinsi mlango unavyofungwa kidogo kidogo: binti yake atatoka humu leo, hatarudi tena, na ataishi na wembe mpaka mwisho wa siku zake, huku mama yake akijulikana mtaani kwa usafi.

"Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyemwelewa. Ikabidi aseme tena, na mara ya pili ilikuwa nzito zaidi.

"Kifungo. Nilikishona mimi. Jumatano, ulipokwenda kununua uzi. Hukuligusa, mwanangu. Mikono yako haina kosa. Wewe uliweza. Mimi ndiye niliyeshindwa."

Kitinda aligeuka polepole. Bi Rudia alitegemea kilio, au hasira, na alikuwa amejiandaa kwa vyote viwili. Binti hakutoa kimojawapo.

"Siku mbili, mama," alisema. "Umeniangalia siku mbili."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unanisikia nikilia, upande wa pili wa ukuta."

"Nilikuwa nakusikia."

"Na mimi nilikuwa najiuliza kama nifungwe kamba mikono."

Bi Rudia alijifunika uso kwa mtandio, safari hii si kwa ajili ya watu wa kwenye benchi. Daktari alimsogezea maji. "Mama, ulipokuwa unakirekebisha, ulikuwa na hofu? Uliona mtu atadhurika?"

"Hapana." Sauti ilitoka ndani ya kitambaa. "Niliona raha. Niliona ninyi nyote mmekosea, mimi ndiye niko sawa. Hata daktari mwenyewe. Mungu anisamehe."

Daktari hakumhukumu, wala hakumfariji haraka haraka, na Bi Rudia alimshukuru kwa hilo baadaye. Alimwambia tu kwamba kulisema kwa mdomo wake ni jambo ambalo watu wengi wa hulka ile hawalifikii, na kwamba akipenda, ipo siku yake na yeye ya kuja kuzungumza, peke yake.

Kitinda alikipinda tena kifungo, na shati likaanza upya siku saba zake, kwenye msumari wa nyumbani kwa mpiga pasi, na mara hii zilitimia zote. Kitinda alikwenda kulitazama kila jioni, akarudi bila kuligusa. Mwezi ulipokwisha alikuwa amepunguza kunawa, na vidole vilianza kuota ngozi. Ndipo alipomwambia mama yake, wakiwa wanakunja kitambaa pamoja, mmoja huku na mmoja kule:

"Nimepata nafasi kwa msusi wa barabara ya pili. Ana kona tupu. Nitahamishia cherehani yangu huko."

Bi Rudia alisimama na ncha zake mbili za kitambaa. "Nimeacha kukagua, mwanangu. Wiki tatu sijakagua."

"Najua. Nakuona unavyojizuia. Nikikuona unajizuia, na mimi nashindwa kushona." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliochoma. "Nataka kupona, mama. Hapa siwezi."

Walibeba cherehani pamoja siku ya Jumamosi, mchana kweupe, mtaa mzima ukiwaona. Watu waliuliza kulikoni, Bi Rudia akajibu, "Mwanangu anajitegemea," na hakuongeza neno, ingawa mpiga pasi, aliyekuwa nyuma yao na kiti kichwani, aliona jinsi shingo ilivyomwiva kwa haya.

Meza aliyopewa Kitinda ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Bi Rudia aliuona hata kabla hawajatua mzigo.

"Meza hii inacheza," ikamtoka.

"Naiona, mama."

"Kipande cha karatasi tu hapo chini, nikikunje mara mbili…"

"Mama."

Msusi, akiwa na kitana mdomoni, alimkaribisha maji. Bi Rudia akasema ana kazi nyumbani. Kitinda alimsindikiza hadi mlangoni.

"Utakuja kunitazama?"

"Nikikaribishwa."

"Karibu. Ila ukija, kaa kwenye kiti, usishike kitu."

Bi Rudia aliitikia kwa kichwa, kama mtoto aliyekanywa mbele ya wageni. Kitinda akarudi ndani. Punde cherehani ikaanza kuzunguka, na mguu wa meza ukawa unagonga sakafu, ko, ko, ko, bila mpangilio wowote. Mama mtu alisimama nje ya mlango ule, mikono imefungwa chini ya mtandio, akisikiliza, mpaka mteja mmoja aliyekuja kusukwa akamwomba ampishe apite.